Sauti ya Mama na Kinga ya Kompyuta

Jumapili, 2 Juni
Dereva wa lori ameniletea flashi kutoka kwa dada. Ina sauti ya mama. Dada alimrekodi kitandani, wiki ile ile aliyofariki. Mazishi sikwenda — msimamizi wa ujenzi alininyima ruhusa.

Nimeichomeka kwenye kompyuta yetu ya mezani, tuliyonunua pamoja na Komandoo, mchomelea mageti ninayeishi naye chumba kimoja. Nilikuwa peke yangu. Mama akakohoa, akasema: mwanangu, umekula? Kisha kompyuta ikaganda! Skrini yote matangazo ya bahati nasibu. Komandoo aliporudi akapiga kelele, kaka, umetuletea shetani gani humu?

Jumatatu, 3 Juni
Nimempigia dada. Nakala hana. Simu ilijaa, akafuta. Alilia. Nikamwambia basi, basi.

Jumatano, 5 Juni
Saruji kutwa. Mgongo si wangu tena. Jioni nikakuta tangazo linawaka kwenye skrini: kompyuta yako inaumwa, bonyeza hapa upate kinga ya bure. Nikabonyeza. Nani anakataa dawa ya bure? Sasa hata kipanya hakisogei.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda kwa fundi wa kompyuta, mwanamke mcheshi, watu humwita Daktari. Alicheka hadi akashika meza. Eti nimemwajiri mwizi awe mlinzi!

Halafu akanieleza taratibu. Kinga ziko nyingi. Kuna ya bure, yenyewe ikiona faili lina kirusi inafuta, vyote viwili vinakwenda. Kuna ya kulipia, inajaribu kusafisha kwanza. Nikamuuliza, ikishindwa je? Akasema, ndugu yangu, hata hospitali wanashindwa.

Komandoo anataka ya bure, leo leo. Kompyuta si ya marehemu peke yake, kasema. Ilinichoma. Nimechagua ya kulipia. Amelala bila kunisemesha.

Jumapili, 9 Juni
Daktari amekuja mchana na kinga yake. Mstari wa kijani ukawa unatambaa, virusi vinakamatwa kimoja kimoja. Komandoo akasahau kununa, akashangilia kama yuko mpirani. Kisha mstari ukasimama. Faili moja limebaki. Nilijua lipi kabla hajasoma jina.

Daktari amesogea karibu na skrini. Anasema kirusi kimekula sehemu ya sauti. Kinga itajaribu mara moja tu. Pengine nitasikia yote. Pengine faili litarudi tupu. Au tulifungie lilivyo — litabaki humo, halitadhuru kitu, ila halitafunguka tena. Niamue mimi, yeye hawezi kuniamulia mama yangu.

Nimeomba nifikiri. Nimechukua daftari hili, nao wananiangalia tu. Siku zote hizi nilikuwa natafuta kinga ya kusafisha. Sasa ipo, naiogopa. Nisipobonyeza, mama bado ana la kuniambia.

Komandoo ametoka, amerudi na sahani. Ameiweka kando ya kibodi. Kula kwanza, kaka, tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni.

Hajui mama aliuliza nini. Sijamwambia mtu.

Daktari ameshavaa viatu. Mkono wake uko kwenye kipanya. Ananiuliza tena, tusafishe? Chakula kinapoa. Nimeshika kijiko, sijatia kitu mdomoni —