Uani Kwangu Hapachimbwi

Jumatatu, 3 Juni

Mashuka manne, foronya sita, yote kambani kabla ya saa tatu. Wale mume na mke wa Dodoma wameondoka jana. Wamelalamikia majogoo wa Mama Debora jirani. Sasa nifanyeje, niwazibe midomo?

Wiki ya tatu tangu niiweke nyumba ya Baba mtandaoni. Wageni wanalala nyumba kubwa, mimi nalala chumba cha uani. Hadi leo tumepata wageni mara mbili tu. Hamisi, mdogo wangu, ananicheka kutoka Dar. Yeye anataka tuuze. Tulikubaliana tungoje hadi Iddi ya Kuchinja. Nyumba ikionyesha inajiendesha, inabaki. Isipojiendesha, analeta mnunuzi.

Siuzi. Zuhura yuko uani. Mwanangu wa pekee, alipewa jina siku ya saba, akafa siku ya tisa, miaka ishirini na sita iliyopita. Wiki ile mvua ilikuwa haikatiki, Baba akasema huyu hatoki nyumbani. Jiwe la kichwani alilileta mwenyewe kwa baiskeli kutoka kwenye gofu la Mjerumani, lile jiwe lenye namba zilizochongwa. Kila mwezi napaka chokaa pembeni. Huyo mnunuzi atapaka?

Jumatano, 5 Juni

Ujumbe umeingia! Bwana mmoja anajiita Daudi. Anataka nyumba mwezi mzima, watu watatu. Bei hakuipunguza hata kidogo. Nimeruka jikoni peke yangu, mtu mzima mimi.

Maswali yake lakini. Majirani wako karibu? Ukuta wa uani una urefu gani? Udongo ni mchanga au mwamba? Mwembe ulio pichani una miaka mingapi? Nikajibu yote, moja baada ya jingine, kama mtoto anayesikilizwa msahafu na mwalimu wake. Kwetu hatumwulizi mgeni shida yake kabla hajanywa maji. Basi nami sikumwuliza lolote.

Ijumaa, 7 Juni

Sijampenda huyu Daudi.

Jana alitaka picha ya jiwe la uani, karibu zaidi. Nikapiga, nikatuma. Leo anasema watakapokuja nihamie kwingine mwezi mzima, na majina yao nisiyaandike kwenye kitabu cha wageni. Mwenyekiti wa mtaa alinipa kile kitabu siku ya kwanza kabisa, akaniambia nisimlaze mtu ambaye hajajiandika. Mgeni wa heri anaogopa kalamu?

Nikampelekea Mama Debora simu dukani kwake asome. Alisoma, akavua miwani, akanitazama kama nimemwaga mafuta ya taa kwenye unga. Akaniuliza tangazo lenyewe niliandika nini. Nikamsomea kwa fahari: nyumba tulivu, Mtanda mjini Lindi, maji yapo, feni zipo, uani kuna jiwe halisi la enzi za Mjerumani.

Alishika kichwa. "Mwanaidi, umewaita wachimbaji kwa mkono wako mwenyewe!"

Mungu wangu. Mtoto gani wa Lindi hajui hili? Ukitaja Mjerumani tu, wanakuja watu na masululu kutafuta masanduku ya rupia aliyoyafukia, ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Kwa shemeji yake Mama Debora, kule Nyangamara, walichimba chini ya mkorosho mpaka mti ukalala. Wakaondoka na mizizi. Najua yote hayo, na bado nikaandika. Nilitaka nyumba ionekane ya maana. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefuta maneno ya jiwe, nimefuta na picha. Kisha nikamwandikia Daudi: majina matatu, vitambulisho vitatu, na barua ya mwenyekiti wa huko mnakotoka. Ule ustaarabu wa maji kwanza, maswali baadaye, umeisha.

Kajibu kwamba wao ni watafiti wa udongo. Watafiti wa wapi? Jibu likaja baada ya saa moja, sauti ya kurekodi: jiwe lile lina jini mlinzi, nyumba haitapata wageni mpaka litolewe na mjuzi, mimi mwanamke nisiye na mume nitadhurika.

Jini gani! Ningekutana naye zamani. Miaka ishirini na sita nafagia pale kila alfajiri, na kwaresima ya Mama Debora na Ramadhani yangu zote zinanikuta pale pale. Nimemjibu kwa mstari mmoja: pale amelala mwanangu, si jini, na nyumba hii kwako imejaa.

Nimejisikia vizuri sana. Nikakaanga samaki mkubwa.

Jumatatu, 10 Juni

Hamisi kapiga. Akaunti niliifungua kwa simu na namba yake alipokuja mwezi wa tano, kwa hiyo ujumbe wote anauona. Kumbe Daudi, nilipomkatalia, alimfuata yeye.

Anasema nikubali. Mwezi mzima, dada, si ndicho ulichokuwa unakitafuta? Nikamwambia wanataka kuchimba kaburi. Akasema wameahidi kulihamisha kwa heshima, na mtu wa dua watakuja naye.

Kwa hiyo alikuwa anajua.

Akaendelea. Nikimkataa huyu mteja, basi hesabu imeshaonekana, Iddi anakuja na mnunuzi. Nichague. Yaani nichague Zuhura afukuliwe na wachimbaji sasa, au na mnunuzi baadaye.

Nimemkatia simu. Sijawahi kumkatia Hamisi simu maisha yangu yote. Nilimlea huyu, nilimfulia kaptula za shule. Namchukia leo. Naandika hivyo hivyo, namchukia.

Jumanne, 11 Juni

Sikufua. Sikupika. Nimepaka chokaa ingawa mwezi haujaisha.

Jumatano, 12 Juni

Wamekuja.

Saa tano asubuhi, gari jeupe, bila kualikwa. Watu watatu. Daudi mwenyewe ni kibonge, mpole wa sauti, kiatu kinang'aa. Wa pili kashika mashine ya kupapasia ardhi, kama fyekeo lenye sahani mwishoni, na sululu mpya ambayo bado imebandikwa karatasi ya bei. Wa tatu mzee wa kanzu, chetezo mkononi. Daudi akasema wameruhusiwa na mwenye nyumba, bwana Hamisi.

Mwenye nyumba! Nilikuwa nimevaa kanga ya kufulia, na mtu aliyefua mashuka ya hospitali miaka kumi na minane hatishwi na kiatu. Nikatandika mkeka kando ya kaburi, nikakaa. Nikapiga ukelele ambao sijui niliutoa wapi.

Mama Debora alikuja na mchi. Nyuma yake wanawake wa mtaa, mmoja bado ana povu mikononi. Mwenyekiti akafika kwa baiskeli, jasho linamtoka, akauliza kuna nini. Sikueleza. Nilimwomba Mama Debora aniletee kitabu cha wageni kutoka ndani. Nikakifungua mbele ya Daudi, na kalamu juu. Nikasema hapa hachimbi, halali, hanywi hata maji mtu ambaye hajajiandika.

Alishika kalamu. Sijui kwa nini, labda macho ya watu. Jina akaandika, kama ni lake. Anakotoka akaandika. Akafika safu ya mwisho, Madhumuni ya safari. Hapo mkono ukasimama.

"Andika, bwana," mwenyekiti akamwambia. "Kufukua kaburi la mtoto. Andika nikupigie muhuri."

Mzee wa kanzu akageuka kwa Daudi. Kumbe hakuambiwa kwamba ni kaburi. Aliambiwa jiwe. Aliweka chetezo chini, akaniomba radhi mimi, akainua mikono akamwombea Zuhura dua bila kumjua, halafu akatoka kwa miguu. Hakupanda gari. Daudi akaweka kalamu. Mwenyekiti akaandika namba za gari kwenye ile safu tupu, taratibu, akizisoma kwa sauti.

Wameondoka. Wanawake walishangilia mpaka majogoo wakaitikia. Mimi nilikwenda jikoni nikalia. Kwa hasira, si kwa woga. Haya, na woga pia.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeandika tangazo upya. Simwogopi mtu tena. "Nyumba iko Mtanda. Majogoo wanawika. Uani kuna kaburi la mwanangu, na hapachimbwi. Kila mgeni anajiandika kitabuni. Ukiona shida, tafuta nyumba nyingine."

Mama Debora anasema hakuna atakayekuja. Basi wasije.

Jumamosi, 15 Juni

Hakuna aliyeuliza. Nimenunua mchele wa Iddi. Nimeshapanga maneno ya kumwambia Hamisi na mnunuzi wake, makali, nimeyarudia nikitwanga viungo mpaka binzari imekuwa vumbi. Akitaka kuuza, auze nami nikiwa nimekaa pale pale juu ya mkeka.

Jumapili, 16 Juni

Ujumbe mmoja. Mwalimu wa kike kutoka Masasi, na mumewe na watoto wawili, siku nne kuanzia Alhamisi. Majina kamili kayaandika bila kuombwa, na wanakuja kumwuguza mama yake mzazi hospitalini. Chini kaongeza: pole kwa mtoto, watoto wangu nitawaambia wasicheze upande ule.

Nimeusoma mara tatu.

Jumatatu, 17 Juni. Iddi

Hamisi kaja na basi, peke yake. Kasimama mlangoni na mfuko wa tende. Shikamoo, dada. Marahaba. Maneno yangu makali sikuyaona yalikokwenda.

Nilimwekea kitabu mezani kabla ya pilau. Akacheka. Akaona mimi sicheki. Akavuta kiti, akaandika jina lake. Anatoka Dar es Salaam. Kwenye safu ya mwisho akakaa muda mrefu, kalamu hewani, macho yake kwenye ule mstari wa Daudi wenye namba za gari.

"Dada," akasema, "yule mtoto aliitwa nani?"

Siku ile ya mazishi Hamisi alikuwa na miaka kumi na mitano. Ndoo ya maji aliibeba yeye. Jina halikumkaa, na mimi miaka yote hii sikulitaja mbele ya mtu, nilikuwa nalisema uani tu. Nikamwambia.

Tumekula pilau. Baadaye alimpigia mnunuzi hapo hapo mezani, akamwambia nyumba haiuzwi. Mimi hakuniomba radhi. Alitoka uani, akauliza chokaa iko wapi, akavua shati la Iddi akalitundika kambani. Amepaka vibaya, imemwagikia hadi kwenye namba za jiwe. Nimeiacha hivyo.

Sasa yuko barazani kwa Mama Debora, nawasikia wakibishana habari za majogoo. Mashuka ya wale wa Masasi nimeshayakunja. Nimekifungua tena kitabu, kuangalia kama wino umekauka. Hamisi. Dar es Salaam. Madhumuni ya safari: kumwona Zuhura.