Aliyeonja Kwanza

Kambini, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Habari za Mosocho? Mgongo wako unaendeleaje, na baba je? Mimi mzima, ila nimeikumbuka mboga yako ya chinsaga hadi naiota.

Huku ukingoni mwa msitu, tangu tuvunje milango tukisaka wapiganaji, wanakijiji hawatusemeshi. Kamanda mpya ametugawa: nusu wanalinda, nusu tunachimba kisima. Andrew, askari mwenzangu, ananicheka eti nimegeuka fundi wa maji.

Juzi Bi Zubeda, ajuza anayekaa karibu na kisima, aliniletea uji. Nikangoja aonje kwanza, kama kwetu. Alinitazama, akauchukua uji wake, akaenda zake. Sasa hata watoto hawatukaribii. Na kuna bomu limefukiwa kwenye barabara yetu, Mama. Mahali lilipo wanajua wanakijiji tu.

Mwanao,
Masese

Mosocho, 19 Machi

Masese baba,

Sisi wazima. Mgongo ni ule ule, nalala nao naamka nao. Naandika Kiswahili ili mkubwa wako anayesoma barua zetu asihangaike.

Jamani, umefanya nini! Kwetu mwenyeji huonja ili mgeni atulie. Huko, mama wa watu ameona mtu mwenye bunduki anayedhani amewekewa sumu.

Unazikumbuka fujo za mpakani kule Borabu? Ulikuwa darasa la pili. Askari mmoja Mjaluo, Oyugi, alikuwa akimwachia mwenzake bunduki, anaingia shambani kuchuma chai nasi. Alichuma vibaya, hadi majani mazee! Tulimcheka, tukaimba, na mwenzake amesimama kando, macho yote kwenye kilima, akitulinda. Ni Oyugi tuliyemwambia mishale ilikofichwa. Natamani siku zile, pamoja na hofu yake yote. Nilikuwa na mgongo wakati huo.

Rudi kwa huyo mama. Akikupa uji, kunywa bila kungoja.

Mama yako,
Bitutu

Kambini, 28 Aprili

Mama,

Natumai hamjambo. Mwili wangu mzima.

Nilikunywa. Nikaungua ulimi, Bi Zubeda akacheka, akauliza nani amenifunza adabu. Nikakutaja wewe. Baadaye akanionyesha mti wa kando ya barabara ambao bomu lilifukiwa chini yake. Tukalitegua.

Tulishangilia sana, Mama. Tukasema kijiji kimekuwa chetu, walinzi wakahamishiwa barabarani. Hata mimi sikumkumbuka yule mwenzake Oyugi, aliyebaki akilinda.

Wiki iliyofuata wapiganaji walikuja wakamuua Bi Zubeda mlangoni pake. Kisima kinatoa maji mazuri. Hakuna anayekuja kuteka.

Mwanao

Mosocho, 15 Mei

Masese baba,

Habari za afya nitakuandikia siku nyingine.

Nimelia kama niliyefiwa na dada. Mwambie mkubwa wako, na kwa kuwa anasoma hapa, namwambia mwenyewe: rudisheni walinzi kijijini. Na wewe usiache kuchimba visima.

Sabato walikuja wageni kutoka kanisani. Nikapika uji wa wimbi, nikamimina. Wakakaa wakingoja nionje kwanza, kama ilivyo desturi. Nikamkumbuka Bi Zubeda, nikakishika kikombe changu hadi uji ukapoa.

Mama yako