Kidoti cha Shavu la Kushoto

Kwako kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, ambaye hata sasa anapoandika ana wino kwenye kucha. Ukiona alama ya dole gumba hapo pembeni usidhani ni muhuri. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu na watoto, hasa yule mdogo anayeniita shangazi wa kwenye simu. Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi huku tunaendelea. Nimeandika tunaendelea kwa sababu ndilo neno lililo karibu zaidi na ukweli, na leo nimeamua kukaa karibu na ukweli.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia wakati juzi tu tumeongea. Simu imenizoesha vibaya, kaka. Nikisikia sauti yako tu, mdomo wangu unasema hatujambo, Baba anapumzika, kabla hata hujauliza. Halafu kuna picha ya Mama uliyoiomba. Imo humu kwenye bahasha hii hii, katikati ya makaratasi magumu mawili. Nakusihi usiitoe bado. Soma kwanza.

Karakana iko vile vile ulivyoiacha. Mtambo wa kuchapia uko palepale chini ya dirisha, mzito na mkaidi, na gurudumu lake linang'aa pale tu panaposhikwa na mikono. Kamba za kuanikia bado zinakatiza chumba, na picha mbichi zinaning'inia kwa vibanio vya nguo, hivi kwamba mteja mrefu lazima aingie ameinama. Meza ya Baba inaelekea dirishani. Mkabala nayo kipo kigoda cha Mama, na ukutani juu ya kigoda kuna msumari wenye kile kioo chake cha mkono. Harufu ya wino ni ile ile iliyokuwa ikikupigisha chafya mpaka unatolewa nje, nawe unatoka unacheka.

Acha nikukumbushe kazi yetu, maana wewe ulikuwa bingwa wa kuikimbia. Mkebe wa wino ukifunguliwa tu, ghafla wewe una masomo. Baba huchora picha, kisha huihamishia kwenye ubao ikiwa imegeuzwa, kulia iwe kushoto, ndipo achonge. Mimi napaka wino kwa rola, nalaza karatasi, nazungusha gurudumu, na picha inatoka. Kilichochongwa kinyume hutoka sawa. Kilichochongwa sawa hutoka kinyume. Hilo ndilo kosa ambalo mchongaji hufanya mara moja, siku yake ya kwanza, akachekwa, asirudie tena maishani.

Mama hakuwahi kushika patasi, lakini hakuna ubao uliofika kwenye mtambo bila yeye. Alikaa kwenye kigoda chake na kukielekeza kioo kwenye ubao, aione picha jinsi itakavyotoka, na alivyokuwa na maneno! Alimwambia Baba kwamba huyu mwuza maji anashika ndoo utadhani anaiogopa, na yule bibi amepewa pua ya fundi bomba wetu, aombwe radhi. Baba alinuna, akachonga upya, kisha akakubali kwamba Mama alisema kweli. Nilikua nikidhani kila mchongaji duniani ana mke wake wa kioo.

Mama alipofariki na wewe ukashindwa kufika, sikukulaumu, na leo pia sikulaumu, ingawa siku ile nilikuona mbali sana. Baba alikaa bila kugusa ubao mpaka patasi zikaanza kushika kutu. Kisha asubuhi moja akainuka, akazinoa zote, akaanza. Nilifurahi hata nikamnunulia mkate wa moto. Ubao wa kwanza ulikuwa wa kinyozi na mteja wake. Nilipouchapa, kinyozi alitoka anashika mkasi kwa mkono wa kushoto, na kibao cha mlangoni kwake kilisomeka kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Nilimwonyesha Bwana Fremu. Unamkumbuka, yule mwenye duka la picha anayetuuzia kazi zetu, ambaye hata ukimwambia umefiwa atakuuliza umetumia fremu gani. Aliitazama, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, akasema mzee sasa amekuwa msanii wa kisasa kwelikweli, wateja watapagawa. Na kweli walipagawa. Walizinunua zote, na mmoja akataka kujua falsafa yake. Nilicheka na Bwana Fremu hadi machozi, kisha nikarudi karakana nikajiambia ni msiba tu, msiba humchanganya mtu, utapita.

Baada ya hapo ndipo alipoanza uso wa Mama. Alichonga kwa kumbukumbu, bila picha mbele yake. Nilijitolea kukaa kwenye kigoda nishike kioo, akanikatalia kwa mkono. Basi nilikuwa nafanya kazi zangu upande wa pili huku namsikia anaongea na ubao kwa sauti ya chini, mara anabembeleza, mara anabishana. Nawe ulikuwa unanipigia kuulizia nakala yako. Ulisema hukuuona uso wake wa mwisho, basi walau huu uuone. Niliyashika maneno hayo, kaka. Nilichagua karatasi nzuri kuliko zote kabatini, ile nene, nikaiweka pembeni kwa ajili yako.

Siku ya kuchapa niliamka na moyo mwepesi. Nilipaka wino taratibu, nikalaza karatasi, nikazungusha gurudumu, nikaibandua kuanzia pembeni kama Baba alivyonifunza. Na aliyetoka hakuwa Mama. Macho ni yake, mdomo ni wake, ule mkunjo wa kutaka kucheka wakati anagomba ni wake. Lakini kilemba kimefungwa upande usio wake, na kile kidoti chake cha shavu la kushoto kimehamia kulia. Ukimtazama unadhani ni mtu wa ukoo wetu ambaye hujawahi kukutana naye. Nilikasirika, kaka. Nilimkasirikia Baba kwa kunipa mama wa uongo, nami nilikuwa nimemngoja muda wote ule.

Sikupata nafasi ya kusema. Baba alikuwa amesikia mtambo unasimama, akaja, akaitazama karatasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akachukua patasi, akauinamia ubao. Unajua desturi yetu: nakala ya mwisho ikishatoka, mchongaji hupiga mkwaruzo mmoja mrefu kutoka pembe hadi pembe, ubao usichapwe tena, na mnunuzi ajue hakudanganywa. Kufunga ubao, tunavyoita. Kwa miaka yote nimemwona akifunga mbao za wavuvi, za madaraja, za watoto wa watu, wala mkono wake haukusita. Haukusita na siku ile, ingawa tulikuwa tumetoa nakala moja tu. Patasi ilikuwa imeshaingia karibu na sikio la Mama nilipomshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua ninazo.

Hakukasirika. Alinitazama kwa adabu, ile adabu anayowapa wateja, akanieleza kwamba kazi imekwisha na ubao lazima ufungwe, ndiyo kanuni. Kisha akauangalia ubao, akaniuliza huyu mama ni nani, maana aliyemchonga amempatia.

Sijui nani aliyenituma, lakini nilikwenda kwenye msumari nikakitungua kile kioo. Nikampa Baba ile karatasi aishike kifuani, wino ukiwa bado mbichi, nikasimama nyuma ya bega lake na kunyoosha mkono mbele yetu. Kioo ni kidogo, unakijua. Kilitosha kuonyesha ile picha, uso wa Baba, na kipande cha uso wangu. Ndani ya kioo kilemba kilirudi upande wake na kidoti kikarudi shavu lake. Alikuwa ni Mama, kaka, amekuja mzima mzima.

Baba alisogeza uso karibu na kioo. Akamwita kwa lile jina lake alilokuwa akimwita peke yake, Mwenzangu, akamuuliza amekawia wapi. Akamlalamikia kwamba kioo kilikuwa ukutani bila mtu wa kukishika, na yeye anafanya kazi gizani. Alicheka kidogo. Nami nililia nyuma ya bega lake, na sehemu ya kilio kile ilikuwa furaha. Kisha akashusha sauti, kwa namna ya mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni, akamuuliza Mama huyu binti aliyesimama nyuma yetu ni nani, na ni wa nani.

Hilo ndilo nililoshindwa kukuambia kwenye simu. Baba hanijui tena.

Nimempeleka hospitali. Daktari ni mama mmoja mpole, alizungumza nami huku ameketi kitandani kando ya Baba. Alisema ni ugonjwa wa kumbukumbu, haurudi nyuma, na unaanza kula yaliyo karibu kabla ya yale ya mbali. Si msiba, basi. Ulikuwapo kabla ya msiba. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitoa kabatini picha za miaka ya karibuni na kufikiria jinsi Mama alivyozidi kusogeza kigoda chake mezani, hata magoti yao yakawa yanagusana, na jinsi alivyozidi kusema: geuza, baba, geuza. Alikuwa anajua. Alimshikia kioo mpaka mwisho na hakumwambia yeyote, nadhani kwa sababu Baba angeona haya.

Siku hizi ananiita Fundi. Anaamini ameniajiri. Ni mwajiri mzuri, sitamsingizia: ananiuliza kama nimekula, ananikataza kubeba mtambo peke yangu, juzi aliniambia nikiendelea hivi nitafika mbali. Kisha hunisimulia habari za binti yake mdogo, ambaye hamalizi sentensi moja kabla ya kuanza nyingine, ndiyo maana alimpa jina la Kasuku. Anasema akikua atamfundisha kazi hii. Namwambia nina hakika atajifunza vizuri. Kisha naenda uani kuosha rola ambazo tayari ni safi.

Na wewe, kaka. Kila alasiri Baba anakivuta kigoda cha Mama na kukiweka mlangoni. Anakaa anatazama barabara, kwa sababu saa za shule zimekwisha na kijana wake wa kiume hajarudi. Ananiuliza mimi Fundi kama nimemwona njiani. Nilikuwa namjibu kwamba umekuwa mtu mzima, uko mbali, una watoto. Alinisikiliza, akasikitika, na kesho yake akakaa mlangoni tena. Sasa namjibu kwamba yuko njiani. Mimi niko hapa kila siku na hanioni. Wewe hupo, na ndiye anayengojwa. Nimekuonea wivu mpaka nimeona haya mwenyewe, lakini wivu umepita, kimebaki kile kigoda mlangoni.

Uliniambia niuze mtambo nipumzike. Sitauuza. Baba akiusikia unazunguka anatulia, na mikono yake bado inajua kuchonga. Mimi ndiye ninayemgeuzia michoro kabla hajaamka. Bwana Fremu alitaka nakala nyingi za uso wa Mama, akisema kosa lenyewe ndilo litakalouza. Nilimwambia akatafute fremu tupu aitundike. Ubao nimeuviringisha kwenye kitambaa cha kichwa cha Mama. Una jeraha dogo karibu na sikio, lakini haujafungwa. Nakungoja wewe tuchape nakala ya pili pamoja, wewe ukizungusha gurudumu na kupiga chafya zako.

Siahidi kwamba atakujua. Nisingetaka usafiri kwa ahadi ya uongo. Huenda akakudhani mzazi wa mmoja wa wanafunzi, akakuuliza wewe ni mzazi wa nani. Lakini unatembea kama alivyokuwa akitembea yeye, kwa kutupa bega la kulia mbele, na nimekuwa nikifikiria jinsi atakavyokuona ukitokea kule mwisho wa barabara saa zile anazotazama. Njoo saa hizo, kaka. Njoo kabla hajaacha kukitoa kigoda.

Sasa unaweza kuifungua picha. Usiitazame hivi hivi, utamkosa na utanikasirikia. Nenda mbele ya kioo kikubwa, yaweke makaratasi magumu kando, ishike picha kifuani kwako, uinue macho. Huyo ndiye Mama, na huyo juu yake ni wewe. Ulisema hukuuona uso wake. Kaeni pamoja kidogo, hakuna atakayewaharakisha.

Nisalimie sana wifi, na wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Majirani wote wanakuulizia, hata fundi bomba mwenye pua yake. Baba angekusalimu, ila yeye haamini kama umeondoka. Karatasi imeisha nami sijaishiwa, tabia yangu unaijua.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kasuku

(ukifika, ukiulizia mlangoni, sema unamtafuta Fundi)