Kiwanja Unachoniomba Mlimani

Kaka Elia,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo. Ningeufuata moyo wangu, ningeanza na mengine.

Mjomba Petro kanifikishia maneno yako. Kazi umeacha, mjini hupawezi tena, unataka nikumegee mahali pa kujenga kwenye shamba la mama, huku mlimani juu ya Munisagara. Kabla sijakujibu nitakukumbusha kidogo, maana naona umesahau.

Unaukumbuka mwaka wa uhuru? Ulirudi kutoka shule ya misheni ukipanda mlima kwa kuimba, ukamnyanyua mama juu juu hadi kilemba kikamdondoka. "Mama, sasa tunajitawala!" Naye akakuuliza, "Haya, baba. Kwa hiyo kesho tunalima au hatulimi?" Tulicheka mpaka machozi. Usiku tulikula ndizi na maharage mabichi, nawe ukatuahidi shule, dawa na maji ya bomba. Nilikuwa msichana mdogo. Nilidhani uhuru ni wewe.

Ukawa mtu wa chama, mwenye kauli. Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini, ulipanda tena mlima ule, safari hii na mgambo, lori likiwasubiri chini barabarani. Mahindi yalikuwa yanabeba. Mama akakuomba, "Elia mwanangu, ngoja tuvune. Tukishavuna nitashuka mwenyewe."

"Nikikuacha wewe, mama, hao wengine nitawaambia nini? Watasema nabagua."

Ukapanda juu ya nyumba aliyokuzalia, ukang'oa nyasi za kwanza kwa mikono yako. Mgambo wakamalizia. Mama hakulia. Alikamata kuku wake mmoja mmoja, akawafunga miguu, akashuka nao hadi lorini.

Kule bondeni upande wa Chanzuru tulikuta vigingi vya viwanja tu, vimepangwa kwa mstari ulionyooka. Wewe ukasifiwa, ukahamishiwa mjini. Sisi tukabaki na jua na mbu. Mama alipanda mlima peke yake kuvuna mahindi yake, akakuta nguruwe pori wamemaliza. Alirudi na kikapu kitupu, akakitundika ukutani. Mvua zilipokuja, mto ukaingia hadi ndani. Tukawa tunapanga foleni ya unga wa njano wa msaada, sisi tuliokuwa tukiwauzia watu wa stesheni ya reli mahindi na ndizi. Mume wangu akaenda Mikumi kupakia mizigo kwenye malori ya barabara kuu, na huko akapata mke mwingine.

Sikatai, shule ilijengwa, na wanangu wamesoma pale. Hilo nakushukuru. Lakini dawa ulizotuahidi, mama alipougua homa, hazikuwapo. Mganga wa zahanati alitufungulia kabati tujionee wenyewe lilivyo tupu. Nilitaka kukutumia habari, mama akanikataza: "Mwache. Ana kazi ya watu wengi." Majirani walipomsema mwanawe, aliwajibu kuwa ni amri ya serikali. Jina lako hakulitaja kwa lawama hata siku ile ya mwisho. Mimi ndiye niliyetaka alitaje.

Ulifika tumekwisha kumzika. Ukasimama mbele ya waombolezaji ukawashukuru wanakijiji kwa ushirikiano wao. Ushirikiano, Elia! Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nikauma upande wa khanga ili nisipige kelele.

Amri zilipolegea nilirudi huku mlimani. Nilikuta vichaka. Nimefyeka, nimepanda migomba upya, nimeezeka. Wengi uliowashusha wamerudi pia. Hakuna aliyenisaidia kwa ajili ya jina letu. Wamenisaidia kwa ajili ya mama.

Sasa jibu langu. Mjomba anasema damu haikatwi kwa panga, na mimi siikati. Ukipita nitakupikia, utakula ushibe. Lakini kiwanja hapa sikupi, hata upana wa kitanda.

Nenda kule bondeni. Nyumba nyingi zimebaki magofu, viwanja vipo, na mstari wako bado umenyooka. Kilicho karibu zaidi na kaburi la mama hakina mtu. Mimi magoti yananisumbua, siwezi kushuka mara kwa mara kulipalilia. Jenga pale, kaka. Uwe unampalilia.

Ni mimi mdogo wako,
Tabitha