Karatasi ya Maji ya Darini

Iskandaria, mtaa wa Attarin
Jumanne, baada ya adhuhuri

Mwanangu Lutfi,

Amani ya Mungu ikufikie huko Kuwait, wewe na hicho chumba unachokaa peke yako. Kifua kimetulia, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Nasikia unakula mkate na jibini siku saba kwa wiki, mtu niliyemlea kwa mrenda wa sungura. Aibu hiyo ni yako, kupika nilikufundisha. Mimi miguu inauma, macho yanaona, ulimi haujapooza. Tuko kwa Umm Shauqi, jirani wa ng'ambo ya barabara, mimi na mwanao Nihal, mpaka ngazi za nyumba yetu zilizoungua zitengenezwe. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, leo siku ya tatu. Herufi zikikushinda zisome tena. Aliyenifundisha kuziandika ni Nihal huyo huyo usiyempigia simu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ananishika kidole mezani jikoni kama vile mimi ndiye mtoto.

Arobaini ya Idris bawabu wetu imesomwa Alhamisi. Ndugu zake walikuja kutoka Aswani, wakala, wakamwombea. Mjane wake Nafisa alipoingia alinijia mimi kwanza, akanibusu kichwa. Miaka ishirini na sita mumewe alikaa kwenye kiti chake mlangoni petu, akatoka pale akaingia ndani ya nyumba inayowaka, naye ananibusu kichwa mimi.

Sasa nije kwako. Nimesikia uliyomwambia Nihal kwenye simu, maana unapofoka husikika hadi jikoni. Ulisema faili la kibali cha mabomba ya kuzimia moto lililala miezi saba kwa sababu yeye, injinia, ana kiburi, hakumpa karani bakshishi yake, na kwamba damu ya Idris iko shingoni mwake. Ukasema huna binti. Tangu siku hiyo hajagusa kazi. Msichana aliyekuwa akipanda darini na mabomba pamoja na wanaume, sasa anakaa dirishani kwa Umm Shauqi anaangalia madoa ya moshi kwenye ukuta wetu. Na Jumamosi ameitwa mbele ya kamati ya uchunguzi aeleze kwa nini jengo halikuwa na maji ya kuzimia moto. Hana la kueleza, kwa hiyo watamnyang'anya leseni.

Kumbuka mambo yalivyoanza. Mwaka jana, kiwanda cha viatu kilipoungua mtaa wa nyuma, Nihal alikuja akanihesabia kwa vidole. Akasema, Bibi, ghorofa ya tatu mmempangisha fundi wa nguo, vitambaa vimejaa mpaka dari, wasichana tisa, pasi za mvuke, ngazi moja tu. Akasema atatia mabomba darini yenye vinyunyizio vidogo, joto likipanda vinapasuka vyenyewe na maji yanamwagika. Pampu chini, tangi juu ya paa. Lakini mji hauruhusu mtu kutoboa dari kwa utashi wake. Wanataka michoro, hesabu ya maji, na karatasi ya ridhaa ya kila mwenye nyumba. Wenye nyumba ni wewe na mimi. Ya kwako uliisaini ukaituma kwa wiki moja, hilo nakupa. Ya kwangu ilibaki.

Mimi mbele ya serikali sisaini, nagonga muhuri, unajua. Hati ya nyumba ina muhuri wangu wa shaba, ule aliouchongesha marehemu baba yako Mitwalli siku tuliyonunua, jina langu dogo kama dengu.

Nihal alitandaza mchoro mezani. Nikauliza kibanda cha njiwa cha babu yake kiko wapi. Akasema hapo ndipo tangi litakapokaa, maana nguzo zenye nguvu ni za pembe hiyo tu. Nikauliza, na njiwa? Akacheka, akasema, kwani Bibi, wao wanalipa kodi? Nami nikacheka, meno tu. Hakuna aliyeniuliza kabla ya kuchora. Mlichora, mkapima, mkakubaliana wewe na yeye kwa simu, kisha mkaniletea mimi karatasi kama mtu anavyoletewa sahani aoshe.

Miezi ikapita. Nihal anakwenda ofisini, anaambiwa karatasi ya bibi yako haijafika. Anarudi analia kwa hasira. Mtaa mzima ukamlaani karani, Bwana Wadii. Umm Shauqi akamwita fisi aliyevaa tai. Na wewe ukasema, mpeni chake huyo tulale.

Moto ulianza baada ya alasiri, pasi iliachwa juu ya kitambaa. Idris alipanda mpaka ghorofa ya tano akanikuta natafuta viatu. Akaniambia, Hajjah, peponi watu wanaingia miguu mitupu, panda mgongoni. Nikamwambia hana adabu. Akasema adabu ameiacha chini kwenye kiti, ataifuata. Akanishusha katika ule moshi kama gunia la maharage, akanikalisha kwa muuza juisi, akarudi juu. Akamtoa msichana mmoja. Akarudi tena kumtafuta wa pili, ambaye majirani walikwisha kumteremsha dirishani kwa ngazi. Idris hakujua. Hakutoka.

Sasa sikiliza, Lutfi, na usinikatize, maana barua haikatizwi.

Ile karatasi sikuigonga. Nilimwambia Nihal nimegonga, na kwamba karani amekuja kuichukua mwenyewe. Kuja ni kweli alikuja. Bwana Wadii alipanda ghorofa tano na tumbo lake, akisema mtu mzima hasumbuliwi kwenda ofisini, akanywa chai yangu, nikamwambia muhuri umepotea. Akasema tutachonga mwingine kwa mashahidi wawili. Nikamfukuza. Nihal alipoulizia, nikamwambia huyo anataka bakshishi, anakuzungusha. Hiyo sauti ya mtaa ilianzia mdomoni mwangu. Nilisema nitawakomesha mwezi mmoja, waje waniombe. Hakuna aliyekuja kuniomba, na mimi sikujua kurudi nyuma.

Muhuri ulikuwa shingoni mwangu, ndani ya kifuko, miezi yote saba. Kwenye ngazi Idris aliniambia, Hajjah, una jiwe gani kifuani, linanichoma mgongo. Nikamwambia afunge mdomo atembee. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Jana nilikwenda kwa Bwana Wadii kwa miguu yangu. Nikagonga karatasi ya maji mbele yake, na nyingine ya kueleza haya yote. Nikamwambia nimemchafulia jina. Akasema alijua, alidhani tutaelewana nyumbani. Nikamuuliza mbona hukumwambia msichana. Akasema, nimwambieje mjukuu kwamba bibi yake ni mwongo?

Nihal nimemwambia leo asubuhi. Hakupiga kelele. Aliushika muhuri akauangalia, akauliza kama siku zote alizokuwa akinikumbatia ulikuwa pale. Nikasema ndiyo. Akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Kibanda cha njiwa kimesimama, moto haukufika paa. Njiwa thelathini na wawili, hakuna aliyeungua unyoya. Umm Shauqi anasema ni baraka za Mitwalli. Nimemwambia anyamaze. Wiki hii kinabomolewa, tangi likae.

Jumamosi nitasimama mimi mbele ya kamati. Wewe mpigie binti yako, leo, kabla ya kuikunja barua hii. Mimi usinipigie. Chemsha uwatu unywe kwa hicho kifua, na uvae fulana.

Ni mimi mama yako, Tafida binti Abdelhafiz. Jina nimeliandika kwa mkono, na chini yake nimegonga muhuri, usije ukasema hii nayo haikufika.