Waya wa Bluu Uani

Jumatatu, 3 Machi

Chomeka waya. Ngoja alama ya waya kwenye kona ya skrini ibadilike. Piga funda la chai. Ingia darasani. Ndio utaratibu wangu wa kila asubuhi tangu mdogo wangu Otis alete huu waya wa bluu kutoka Kibera na kuuvusha ua mzima wa ploti, kutoka kwa ruta ya Mama Ciku mwenye nyumba hadi dirishani kwangu.

Leo utaratibu umenitupa. Nilikuwa namfundisha Henrik neno "jirani". Akaganda kwenye "ji", mdomo wazi. Laptop imeacha waya yenyewe, imerukia WiFi, na WiFi ya ploti saa za asubuhi ni ya kila mtu na simu yake. Nikamsubiri mzee wa watu aganduke. Hakuganduka. Somo likaishia hapo.

Henrik anaishi Denmark. Mwanawe anaoa msichana wa Busia mwezi wa Agosti, na mzee ameapa hatakaa mbele ya wakwe akitabasamu tu kama picha. Nampenda kwa hilo.

Jioni ujumbe wa kampuni ya masomo ya mtandaoni inayonipa wanafunzi. Mkaguzi ataingia kwenye somo langu na Henrik Jumatatu ijayo. Akiridhika, naajiriwa mwalimu wa kudumu. Asiporidhika, kwaheri. Na wameongeza kwamba wanafunzi wamelalamika: "mwalimu huganda." Mimi nigande? Mimi?

Jumanne, 4 Machi

Tumeganda tena. Safari hii ni mimi niliyeganda kwake. Anasema nilibaki nimefumba jicho moja. Amepiga picha, akanitumia. Nafanana na mtu aliyeng'atwa na nyuki.

Lakini mchana, na yule msichana wa Toronto, waya safi kabisa, somo zima. Sasa hii laptop ina mimba au? Asubuhi mgonjwa, mchana mzima.

Nimechomoa, nimechomeka. Nimepuliza tundu. Nimeifuta kwa pindo la leso. Nimezima, nimewasha. Hakuna nisilofanya ila kuipeleka kwa pasta.

Jumatano, 5 Machi

Otis amekuja kutoka nyumbani kwa Mama, Mashimoni, huko Kibera, baada ya chakula cha mchana. Bila shaka mambo yote yalikuwa shwari alipofika. Mtandao ulitiririka. Akaniangalia vile watu huangalia mtu anayejisingizia ugonjwa.

"Siste, shida ni wewe. Umeacha WiFi on na waya iko ndani. Laptop inachanganyikiwa. Ukichomeka waya, zima WiFi kabisa."

Anajiona. Lakini nimemsikiliza. Kuanzia kesho: zima WiFi kwanza, ndipo uchomeke. Amekaza pia misumari miwili inayoshika waya, mmoja kwa Mama Ciku na mmoja kwangu, mpaka umenyooka juu ya ua. Kazi safi, lazima niseme. Amemaliza ugali wangu wote na kwenda zake.

Mama anataka nirudi Mashimoni nifundishie kwake. Kwake redio haizimwi. Hapana.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa imekuwa mbaya zaidi. Jana laptop ilikuwa na pa kukimbilia. Leo nimezima WiFi, na waya ulipokata, kimya. Giza. Henrik katoweka katikati ya "mama mkwe". Nikawasha WiFi, ikajivuta, tukarudi, ikakwama. Nimezima, nimechomeka, nimechomoa, nimewasha. Nimekuwa mtu wa swichi.

Nimelia kidogo. Nakubali. Nimefanya vibarua vya kila aina, na hii ndiyo kazi ya kwanza ninayoamka nikiitaka. Sitaki kuipoteza kwa sababu ya waya.

Kitu kizuri kimoja. Mama Brayo wa mlango wa pili ameniletea mandazi, bado moto. Yeye hufulia watu wa mtaa wa Riruta nguo. Mikono yake haijui kukaa kavu. Akasema, "Tichaa, asante sana. Umetufikiria." Nikadhani ni kwa vile namsomea Brayo vitabu jioni. Nikasema si kitu, jirani ni jirani. Nimekula manne. Yamenituliza kuliko maombi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi: imekufa. Mchana: imefufuka. Kila siku hivyo hivyo. Mimi si mjinga, naona kuna mpangilio, ila siuelewi. Nimemlaumu Otis. Nimeilaumu laptop kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hata hapa. Nimemlaumu Mama Ciku na ile runinga yake. Nilipomuuliza kama huwa anagusa ruta asubuhi, akaniambia hajui hata inafunguliwa wapi, na kwamba kile kimdomo cha plastiki kinachoshika waya kwenye ruta kinaonekana kulegea. Sikumjali. Kimdomo kilegee asubuhi tu?

Rafiki yangu wa mtaa wa Olympic amenipa chumba chake nikafanyie huko somo la Jumatatu. Nitakuwa mgeni, na mbwa wa jirani yake hubweka bila kupumzika. Lakini angalau sitaganda. Nitaamua kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa bado na hasira, na aibu juu yake.

Tulipanga somo la kufidia na Henrik. Zima WiFi, chomeka waya, tukaanza vizuri. Halafu, kufa. Nikasema leo lazima nimkute mchawi. Nikafungua mlango kwa nguvu ili nikimbilie kwa Mama Ciku, na blanketi bichi likanipiga usoni.

Blanketi. Limeanikwa juu ya waya wangu. Na nyuma yake shuka mbili, taulo, suruali za jeans za mtu mzima mwenye kiuno, na soksi zimepangwa kama kwaya. Waya wangu wa mtandao umebonyea katikati mpaka karibu unagusa beseni, na huko dirishani kwa Mama Ciku kichwa cha waya kimevutwa nusu nje ya ruta.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Asubuhi nguo nzito, zinavuta. Mchana zimekauka na kutolewa, waya unarudi juu, mtandao unarudi. Laptop yangu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inafuata ratiba ya kufua. Na mimi asubuhi hufunga pazia jua lisipige skrini, ndiyo maana sikuona.

Nikapiga kelele. Sitaandika niliyosema. Mama Brayo alisimama na vibanio mdomoni, macho makubwa, na watu wote wa ploti wakatoka kuangalia. Alipovitoa vile vibanio alisema polepole:

"Tichaa, lakini nilikuuliza. Ile siku ndugu yako anaiweka. Nikasema, hiyo ni nini mnatuwekea? Ukaniambia, ni waya."

Ni kweli. Nakumbuka. Nilimjibu nikishika ngazi ya Otis: "Ni waya, Mama Brayo." Naye akasema Mungu akubariki. Nikafikiri, huyu mama anapenda maendeleo. Kumbe ule wa zamani wa kuanikia nguo ulikatika tangu Krismasi, Mama Ciku anaahidi tu, na katika ploti hii waya maana yake ni moja. Hakuna anayesema waya akifikiria Denmark.

Yale mandazi! Alikuwa ananishukuru kwa waya. Na mimi nikayala.

Ameanza kutoa nguo za watu moja moja, akaziweka bichi ndani ya beseni. Nilitaka kumsaidia. Hasira ilikuwa imeisha, ikabaki aibu. Nikarudi ndani. Mtandao ulikuwa umerudi. Henrik alikuwa bado ananingoja, na sikuwa na hamu ya kumfundisha mtu neno lolote.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimekaa nyuma ya Mama Brayo. Hakugeuka wakati wa kupeana amani. Nimestahili.

Nikampigia Otis, nikamwambia alete waya. Akauliza upi. Nikasema ule wa watu. Wa kuanika. Akacheka mpaka nikamkatia. Lakini alikuja, na waya mnene wa chuma na vyuma viwili vya kushikilia, na tukautundika upande wa jua, mrefu kuliko ule wa bluu. Mama Ciku alitoka kutusimamia kana kwamba ni wazo lake. Otis akabadilisha pia kile kimdomo cha plastiki kwenye kichwa cha waya wangu, upande wa ruta. Kweli kilikuwa kimevunjika. Mama Ciku aliniambia, nami nikamdharau.

Nikagonga kwa Mama Brayo. Nikamwambia, Mama Brayo, nisamehe, nilikukosea mbele ya watu. Yeye akaniangalia, akaangalia waya mpya, akaujaribu kwa kuning'inia na mikono miwili.

"Hii iko sawa," akasema. "Na hiyo ya bluu inafanyanga nini hasa?"

Nikamwingiza ndani nikamwonyesha. Nikachomoa: alama ya waya ikaondoka. Nikachomeka: ikarudi. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akajaribu mwenyewe, chomoa, chomeka, akacheka kama tuko shule. Nikamweleza kuhusu mkaguzi wa kesho, na kwamba nitaenda Olympic ili nisisumbue mtu. Akakasirika upya.

"Uende Olympic kufanya nini? Kaa kwako. Kesho sisi ndio askari ya hiyo waya."

Sitaenda Olympic. Nimefurahi sana na ninaogopa sana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimezima WiFi. Nimechomeka. Kimdomo kikalia tak. Sauti nzuri hiyo.

Mkaguzi aliingia bila sura, jina tu na maikrofoni iliyozimwa. Nilikuwa nimeandaa somo la "Uwanja wa Ndege". Tulienda vizuri, Henrik akitafuta mzigo wake kwa Kiswahili cha kuhurumiwa, mpaka nikasikia mabati. Tone moja. Mawili. Halafu mvua yote.

Ua ukalipuka. Milango, viatu, beseni. "Mvua! Nguo! Toeni nguo!" Na mimi nimekaa pale natabasamu kwa kamera, naona kupitia dirisha, leo pazia liko wazi, watu wanakimbia huku na huku chini ya waya wangu, mikono juu. Mtu mmoja akivuta vibaya tu, nimekwisha. Ndipo nikasikia sauti ya Mama Brayo juu ya zote:

"Ya bluu msiguse! Hiyo iko kazini! Piteni huku!"

Henrik akaacha mzigo wake. "Mwalimu, watu wanasema nini?"

Nikaangalia lile jina lisilo na sura. Nikaangalia uwanja wa ndege. Nikaufunga. Nikageuza laptop ikatazama dirisha, polepole, waya usisumbuke.

Nikamwambia, Henrik, unaona? Asubuhi watu wameanika nguo. Sasa mvua inanyesha, wanaanua. Anika, anua. Hapa kwetu utasikia "toa nguo", na hilo "anua" mimi mwenyewe nililipata darasani, lakini ndilo lenyewe. Nikamwonyesha waya wangu: nachomeka, nachomoa. Kisha sikuuchomoa kwa kweli, mimi si mwendawazimu. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kitenzi kinakunja kona na kurudi kilikotoka. Henrik alifurahi kama amepewa mtoto ashike. Akaanza kutafuta vyake mwenyewe ndani ya nyumba yake, akifunga na kufungua kabati, akichomeka na kuchomoa taa. Akauliza kama kinyume cha "kula" ni "kulua". Nikacheka mpaka machozi. Nikasahau kabisa kwamba tunakaguliwa.

Hatukuganda hata kidogo.

Mwisho mkaguzi akaandika neno moja, "Asante," akatoka. Asante ya aina gani? Sijui. Nimetoka nje nikamkuta Mama Brayo amelowa chapachapa chini ya waya wa bluu, nguo za watu zote kavu mlangoni. Nimemtengenezea chai ya tangawizi. Alitaka kujua nilikuwa namwambia nini mzungu, nikamfundisha yale maneno. Anua alilirudia mara nyingi. Amesema linafanana na kupumua.

Alhamisi, 13 Machi

Wamenijibu. Mwalimu wa kudumu. Mkaguzi ameandika kwamba lile somo la mvua liwe mfano kwa walimu wapya. Kwamba halikuandaliwa, sikuwaambia.

Nimempigia Mama. Amepiga vigelegele mpaka majirani wa Mashimoni wakaja kuuliza nani anaoa.

Henrik ameniletea sentensi yake ya kwanza ambayo sikumwomba: "Leo mvua kwetu. Mimi nimeanua soksi."

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna somo leo. Nimechomoa waya, nimeuviringisha kidogo dirishani, nimeacha laptop ilale. Nikatoa blanketi langu, nikafua taratibu, nikaenda nalo kwenye waya wa chuma. Ulikuwa umejaa. Mama Brayo akasogeza mashuka ya Riruta bila kuniangalia, akanipa nafasi kando ya yake, na vibanio viwili.

Jua lilikuwa zuri mpaka saa tisa. Sasa naandika kitandani na nasikia mabati yanaanza, tone, tone. Huko uani Mama Brayo anapaza sauti:

"Anueni! Anueni nguo, jameni!"

Na mtu anauliza, "Tufanye nini?"

Ngoja nitoke.