Kilio Nilichokulilia Ukiwa Hai

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Kwako Baba,

Shikamoo. Zile za kwenye simu hukuitikia hata moja, lakini wewe ndiye uliyenifundisha nisifungue mdomo kabla ya kuamkia, kwa hiyo nakuamkia tena. Presha inaendeleaje? Dawa za asubuhi unameza, au umezisahau kwenye mfuko wa koti kama kawaida yako? Na miguu ya Mama imepungua kuvimba? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Barua hii anakuletea Shangazi Adela mwenyewe, dada yako. Nimemwomba asiondoke hapo mpaka uisome yote, na unamjua Shangazi, akishakaa amekaa.

Baba, Mama ameniambia yote. Kwamba ulishuka kwenye pikipiki kutoka bandarini Kemondo ukakuta uani kwako kumejaa watu, nyasi za msiba zimetandazwa ndani, Mama yuko chini amelia mpaka sauti imekauka. Kwamba jirani yetu Ta Byarugaba na wenzake walikuwa kibanjani wanakuchimbia kaburi, limeshawafika kiunoni, pembeni ya migomba uliyoipanda mwaka jana. Ukauliza, "Nani amekufa?" Wengine wakakimbia. Maawe!

Sasa na mimi nisikilize, maana najua umeelezwa nusu.

Ile Alhamisi uliyopanda meli, chuo kilikuwa katikati ya msimu wake wa sanaa. Ni wiki tatu nzima: leo bendi, kesho ngoma, kwenye korido picha walizochora wanafunzi, na saa kumi jioni igizo, tena siyo ukumbini, nje kwenye nyasi kati ya mawe. Nilikuomba ubaki uone la kwetu. Ukasema hukunisomesha nije kulia mbele za watu. Haya. Ulikuwa na hasira na mimi nilikuwa nazo, nimezirithi kwako, wala hatukuagana vizuri pale kwa Shangazi Adela, mtaani Kirumba. Halafu uko mlangoni, begi mkononi, unanitupia neno: "Daktari anasema moyo umechoka." Ukacheka. Baba, kweli hilo ni neno la kumwachia mtu mlangoni?

Kwenye igizo mimi ni binti anayeletewa maiti ya baba yake, Mzee Malima. Mwezi mzima Mwalimu Masanja, anayetufundisha kuigiza, alikuwa ananigombeza kwamba nalia kama mtu anayekata vitunguu. Siku ile maiti ilipoletwa imefunikwa shuka, sikumwona Malima. Nilikuona wewe na begi lako. Nikaanguka pale chini nikalia Kihaya, nikataja jina lako lote mpaka la Babu: Kaijage wa Rwegoshora, unaniachia nani? Wala sikujua ninasema nini. Nilipozinduka watu wamesimama, wanapiga makofi na kufuta machozi.

Mwanafunzi mmoja wa kwetu alikuwa ananirekodi kwa simu. Akatuma kipande kwenye kundi la watu wa Kamachumu, eti muone dada yetu anavyojua. Kipande chenyewe kifupi, jukwaa halionekani, ni nyasi tu, mimi, maiti, na jina lako. Na kijiji kizima kilijua umekuja Mwanza hospitali. Wangefikiria nini? Mama akanipigia, nimezima kwa ajili ya igizo. Akakupigia wewe, chaji imekwisha melini. Nilipoiwasha yangu, ya kwake ilikuwa imezimika kwa wingi wa watu wanaompa pole.

Mama anasema walikata mgomba wakauzika kwenye lile shimo, maana kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Anasema unakaa unautazama ule udongo, chakula unakirudisha, na umesema neno moja tu: "Mtoto wangu amenizika." Neno hilo limenichoma, Baba.

Jumamosi tunafunga msimu, na igizo letu ndilo la mwisho. Mwalimu Masanja anataka kilio kile kile. Anasema hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Nikamwambia, Mwalimu, kilio kile kina mwenyewe, yuko Kamachumu na hasemi na mimi. Akanijibu kwamba huu ni mtihani, nisipopanda jukwaani narudia mwaka. Nikamwambia sipandi mpaka baba yangu aniitikie. Amenipa mpaka Ijumaa. Wenzangu hawanisemeshi, kwa sababu nikianguka nao wanaanguka.

Naomba radhi. Siombi radhi kwa kuigiza, ukitaka kunigombeza kwa hilo utanigombeza sana, kwa sababu sitaacha. Naomba radhi kwa jina lako, kwa shimo lile, kwa Mama kukaa kwenye nyasi. Lakini sikukuzika. Niliogopa. Uliniambia moyo umechoka kisha ukafunga mlango, na mimi sikuwa na mahali pengine pa kulia.

Msalimie Mama, mwambie nimeona alivyokasirika na bado nampenda. Msalimie Bibi, aliyekataa tangu mwanzo kwamba umekufa na akaendelea kumenya ndizi zake. Ta Byarugaba mwambie sina kinyongo naye, alikuchimbia kwa upendo. Na wamama walioleta ndizi za msiba, waje mzile wote pamoja na wewe ukiwepo.

Ijumaa saa mbili asubuhi, kabla sijaingia kwa Mwalimu, nitapiga simu ya Shangazi, naye ataiweka sikioni mwako. Sitaki unisamehe siku hiyo, wala tusizungumze habari za chuo. Nitasema shikamoo. Wewe itikia tu, nikusikie.

Ni mimi Kokushubira,
mwenye baba.